Meza Isiyotoka Mlangoni

Asubuhi ile, kabla ya kupanda gari la mizigo, Bisibisi alisimama mbele ya kioo akajipaka mafuta usoni, akajifuta, akajipaka tena. Shangazi yake alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, anamtazama kama mtu anayetazama mpira ambao matokeo yake ameshaambiwa.

"Hivi unakwenda kufunga meza au kufunga ndoa?"

"Nakwenda kazini, shangazi."

"Wiki nzima umekwenda kazini na vumbi la msumeno kwenye nyusi. Leo mafuta mara mbili. Au siku hizi meza zina macho?"

Bisibisi alifunika kopo la mafuta. Jina hilo alilipata utotoni, kwa sababu alikuwa halali bila bisibisi chini ya mto. Wenzake walipopewa wanasesere wakawabembeleza, yeye wake aliwafungua mikono aone wameungwaje. Sasa alikuwa fundi kamili katika karakana ya baba yake, mkono mwepesi, jicho kali, na kwa wiki hiyo nzima moyo wake ulikuwa umepinda kama ubao uliolala kwenye mvua.

Na baba yake ndiye Mzee Mninga. Kama hujawahi kulala kwenye kitanda cha Mzee Mninga, basi hujui maana ya kitanda kutulia. Watu wanasimulia kwamba maharusi fulani waliingia nyumba mpya wakakuta kitanda kimewekwa upande usiofaa. Walikisukuma, wakaita majirani, majirani wakaita ndugu zao. Mwishowe ilikuwa rahisi kuhamisha dirisha. Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia anakula kwangu kila Ijumaa, hawezi kunidanganya akiwa ameshiba chakula changu.

Kubwa kuliko yote ilikuwa meza ya kulia nyumbani kwake. Aliijenga mwenyewe ndani ya chumba, ubao juu ya ubao, wakati yeye na mkewe ni wachanga katika ndoa, naye ana hakika kwamba watoto watakuja kama mvua. Alipomaliza kuipiga vanishi ndipo ilipogundulika kwamba haipiti mlangoni. Mkewe alipomwambia, Mzee alishangaa.

"Kwani inakwenda wapi?"

Watoto hawakuja kama mvua. Alikuja Bisibisi peke yake. Mama akatangulia mbele ya haki, shangazi akahamia kumsaidia kaka yake, na sasa watatu hao walikula kwenye kona moja ya meza ile, kama abiria waliobaki kwenye gari lililokwisha kushusha wote.

Kwa mtu wa namna hiyo, hebu fikiria binti yake anakwenda kumpenda nani. Alimpenda kijana mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, anayetengeneza samani za ofisi za vipande. Meza zake leo ni moja ndefu ya mkutano, kesho ni nne ndogo, keshokutwa zimesukumwa ukutani watu wananyoosha viungo. Kabati zake zilikuwa na magurudumu. Kuta zake zilikuwa na magurudumu. Mzee alipomsikia kwa mara ya kwanza alimpa jina papo hapo: Magurudumu.

"Mtu anayetia magurudumu kwenye meza ameshaiambia iondoke," alisema. "Nimpe mwanangu? Siku moja nitaamka nikute amemsukuma mpaka sijui wapi."

"Kaka, kwani mke ni kabati?" shangazi aliuliza.

"Kabati lina afadhali. Kabati siliwazi usiku."

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya ofisi moja. Mkurugenzi wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, alitaka meza ya nusu mbili. Siku za kawaida kila nusu isimame yenyewe, mtu akae afanye kazi yake. Siku ya mkutano zishikane ziwe meza moja. Alipenda mbao za Mzee Mninga na alipenda akili ya Magurudumu, basi akaagiza nusu moja huku na nusu moja kule. Kumkataa mteja kwa Mzee Mninga ni kama kukataa pumzi. Alikubali, kisha akamwita binti yake.

"Nusu yetu utaitengeneza wewe. Siku ya kuzifunga nitakuja na kikombe changu. Zikishikana na maji yasimwagike, nitamsikiliza huyo kijana wako. Yakimwagika, nisisikie tena habari za magurudumu ndani ya nyumba yangu. Tumeelewana?"

Kikombe hicho kilijulikana. Mzee hukijaza maji mpaka mdomoni, hukiweka katikati ya meza mpya, halafu huipiga meza ngumi. Likimwagika tone, meza inarudi karakana.

"Tumeelewana, baba," Bisibisi alisema, akakimbia kumpelekea mpenzi wake habari njema. Na hao wawili, badala ya kufurahi, wakaenda kugombana.

Waligombana juu ya kulabu. Ili nusu mbili zishikane, upande mmoja unakuwa na kulabu za chuma zilizochomoza, na upande wa pili unakuwa na matundu ya kuzipokea. Matundu hayaonekani. Kulabu zinaonekana, na zinashika.

"Kulabu ziwe upande wako," Bisibisi alisema. "Yangu ni mbao ya mninga. Siwezi kuichomeka ubavuni vyuma vilivyochomoza kama meno ya mamba."

"Na mimi nikae na meno ya mamba? Mtu akikaa peke yake kwenye nusu yangu zitamrarua nguo. Nusu yangu lazima iweze kusimama yenyewe ikiwa safi."

"Kila kitu chako lazima kisimame chenyewe. Hata wewe. Siku ukinichoka utafungua breki uende zako."

Kijana angenyamaza ingekuwa heri, lakini ulimi nao hauna breki.

"Na wewe kila kitu chako kimejengewa ndani kwa baba yako," alisema. "Hakitoki mlangoni."

Bisibisi alichukua mkoba wake akaondoka. Kijana alipiga simu jioni hiyo, haikupokelewa. Alipiga asubuhi, haikupokelewa. Baada ya hapo akaacha, na Bisibisi akashinda anaitazama simu isiyolia kama vile imemtukana.

Hivyo ndivyo walivyofika asubuhi ile kwenye ofisi hiyo, kila mmoja na gari lake la mizigo, kila mmoja na nusu yake imefunikwa blanketi. Mzee Mninga alikuja na kikombe. Shangazi hakualikwa, alikuja na mdomo wake.

Kijana alikuwa amenyoa. Bisibisi aliona hilo kabla hajaona kitu kingine chochote katika chumba kile, kisha akageuza uso haraka akaanza kusifu mapazia.

"Hujambo," kijana alisema.

"Sijambo."

"Umelala salama?"

"Nimelala."

"Jamani," shangazi alisema, "hata polisi na mwizi wanasalimiana vizuri zaidi."

Blanketi zikavutwa. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wamesimama kando, wengine na vikombe vya kahawa. Nusu ya Bisibisi iling'aa nyekundu kama mgongo wa farasi aliyepigwa brashi. Nusu ya kijana ilikuwa nyeupe, miguu ya chuma, magurudumu manne chini yake. Kijana aliisukuma yake polepole. Bisibisi aliishika yake isisogee. Zikakaribiana, zikakaribiana, halafu kikasikika kishindo kidogo cha chuma kugonga chuma.

Hazikushikana.

Mkurugenzi alivaa miwani akainama kutazama. Huku kulabu, kule kulabu. Zilikuwa zimetazamana pua kwa pua kama mbuzi wanaotaka kupigana, na katikati yao pengo ambalo paka mnene angepita bila kuguswa.

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Mzee Mninga, kimejaa tayari. Alikitazama, akanywa maji yote mwenyewe mpaka tone la mwisho, akakitia mfukoni.

"Basi," alisema. "Nimeona. Twende nyumbani, mwanangu."

Bisibisi hakusogea. Macho yake yalikuwa kwenye kulabu za ile nusu nyeupe.

"Kuna mtu amekosea hapa," mkurugenzi alisema kwa upole. "Ni nani?"

"Mimi," alisema kijana.

"Mimi," alisema Bisibisi. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ugomvi walitazamana, kila mmoja akashindwa kuyatoa macho yake pale yalipokwenda.

"Umeweka kulabu," Bisibisi alisema polepole.

"Si ulitaka ziwe upande wangu?"

"Ulikataa."

"Nilikataa pale pale. Ulipoondoka nikakaa na ile nusu yangu safi, nzuri, isiyomhitaji mtu. Nikaichukia. Nikayaziba matundu yote nikaweka kulabu. Nilitaka ukifika uione, usiseme tena kwamba nina mpango wa kuondoka." Aligusa ubavu wa ile nusu nyekundu. "Na wewe? Ulisema mninga hauchomekwi vyuma."

"Nilivichomeka."

"Kwa nini?"

Sauti ya Bisibisi ilishuka mpaka wale wa nyuma wenye kahawa wakasogea mbele.

"Ili anayekaa peke yake upande wako asiraruke nguo."

Mwanamume mmoja wa idara ya hesabu alijifanya ameingiwa na kitu jichoni. Kijana alinyoosha mkono juu ya lile pengo, akakumbuka baba yupo, akaurudisha akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Kaka," shangazi alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Mimi nimeona watu wengi wakigombana kwa kunyang'anyana. Hawa wameharibu kazi kwa kupeana. Ungeniambia mimi ndiye mwamuzi, wala kikombe nisingekihitaji."

Mzee Mninga alitafuta pa kukaa, akaona stuli, akakaa kwa uzito wake wote kama anavyokaa kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe. Ile ilikuwa stuli ya magurudumu. Ilimchukua. Ilimpitisha mbele ya mkurugenzi, mbele ya idara ya hesabu, mbele ya mashine ya kuchapa, Mzee amekaa wima na uso wa kiongozi anayekagua gwaride. Kama kijana asingewahi kukanyaga kitu chini yake, nadhani mpaka leo angekuwa safarini.

"Samahani, mzee. Breki iko hapa. Ukiikanyaga haiondoki."

"Hata nikiisukuma?"

"Hata ukiisukuma. Jaribu."

Mzee alijaribu. Akajaribu tena kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka. Stuli ilitulia tuli.

"Kumbe inakaa."

"Inakaa mpaka wewe mwenyewe utake, mzee."

Mzee Mninga alibaki hapo muda, akiitazama ile breki. Kisha alitoa tepu ya kupimia, akaenda kwenye lile pengo, akapiga goti, akapima. Akapima tena kwa kiganja, maana tepu haiamini sana.

"Mkizing'oa kulabu sasa mtaharibu mbao," alisema bila kuinua kichwa. "Hapa panataka kipande cha katikati. Matundu huku, matundu huku. Kinazipokea zote mbili. Kijana, una patasi nyembamba?"

"Ninayo, mzee."

"Siyo zile za kufungulia kopo la rangi. Patasi."

"Ni patasi, mzee."

"Haya. Twendeni karakana kwangu. Na wewe, mwanangu, punguza hayo mafuta usoni, vumbi litakushika."

Walirudi ofisini alasiri na kipande cha mninga, watatu wote wamechafuka. Nusu nyekundu ikaingia upande mmoja, nusu nyeupe upande mwingine, kak, kak, meza ikawa moja. Mzee alijaza kikombe mpaka mdomoni, akakiweka katikati kabisa. Akapiga ngumi. Maji yalitetemeka juu, yakapanda ukingoni kama yanafikiria, yakarudi yakatulia.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa shangazi.

"Lakini sasa ni ndefu kuliko nilivyoagiza," mkurugenzi alisema.

"Mama, hilo lisikusumbue," Mzee alimjibu. "Utaajiri mtu mwingine." Akamgeukia kijana. "Nilisema nitakusikiliza. Njoo nyumbani, jua likipoa. Ukija na hotuba, iwe fupi."

Kijana alikuja na hotuba. Alikuwa ameikariri njiani, tunajua kwa sababu muuza vocha alimwona akiongea na nguzo ya taa. Bisibisi alimfungulia mlango, wakasimama hapo kizingitini pumzi kwa pumzi.

"Una vumbi kwenye nyusi," kijana alimnong'oneza.

"Wewe pia."

"Nililiacha makusudi."

"Nami nimeliacha."

"Ingieni au tokeni," shangazi aliita kutoka ndani. "Mnaingiza mbu."

Mzee Mninga alikuwa amekaa kwenye kichwa cha ile meza kubwa. Kijana alikuwa hajawahi kuiona. Macho yake ya ufundi yalitembea juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, yakaenda kwenye mlango alioingilia, yakarudi kwenye meza.

"Mzee, hii iliingiaje?"

"Haikuingia. Kaa."

Kijana alikaa. Alikohoa, akafungua kinywa kuanza hotuba.

"Swali moja tu," Mzee alimkatiza. "Ukimchukua, mtaishi wapi?"

"Nina chumba na sebule, mzee. Nyuma ya karakana."

"Karakana hiyo iko mtaa wa ngapi kutoka hapa?"

"Wa tatu."

"Mbali," alisema Mzee.

Shangazi alifungua mdomo acheke, akauona uso wa kaka yake, akaufunga.

Mzee alipitisha kiganja juu ya mbao, mwendo mrefu wa taratibu, kama anavyoupapasa mti kabla ya kuukata. "Hii niliifanya kubwa nikidhani itajaa. Angalia tunapokaa. Pale, kwenye kona. Huyu akitoka tutabaki wawili, na shangazi yenu mwenyewe anakula huku anatembea."

"Baba," Bisibisi alisema. "Kumbe ndilo hilo? Siyo magurudumu?"

"Magurudumu yalikuwa rahisi kusema."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekaa."

"Ndiyo maana sikukwambia." Alimtazama bintiye moja kwa moja, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko mninga. "Ungekaa, mwanangu. Kila jioni ungekaa pale kwenye kona kwa ajili yangu, nami ningekula chakula kinanikwama. Heri nimchukie kijana wa watu, asiyenijua."

Bisibisi aliinuka akaenda kusimama nyuma ya kiti cha baba yake, akaweka mikono yake miwili mabegani mwake. Hotuba ya kijana ilimwishia kichwani, neno kwa neno, na hakuitafuta.

Kisha Mzee alitoa penseli iliyokaa sikioni tangu asubuhi. Akainuka, akapima kwa macho, akachora mstari juu ya meza, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule.

"Hapa," alisema.

"Baba, hiyo ni meza ya mama."

"Mama yako alinisihi miaka yote niikate apate pa kupita na sinia. Nikasema inakwenda wapi." Alirudisha penseli sikioni. "Sasa nimejua inakwenda wapi. Nusu hii mtaondoka nayo. Mkija kula kwangu, mnakuja nayo, tunaziunga. Na mkija na wengine wadogo wadogo, itajaa."

Kijana alikuwa amesimama, hajui afanye nini na mikono yake. "Mzee, tutaibebaje? Nusu ya hii hata watu wanane hawainyanyui."

Mzee Mninga alikohoa. Alitazama dari. Alitazama dirisha. Alimtazama dada yake, akaona hatasaidiwa.

"Yale mambo yako," alisema. "Yenye breki. Yanaweza kubeba uzito gani?"

Shangazi aliweka kikombe chini asije akamwaga chai. Bisibisi alificha uso wake kwenye shingo ya baba yake, mabega yanatikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka, hata yeye nadhani hakujua.

"Yataibeba, mzee," kijana alisema. "Nitatafuta makubwa."

"Na ukate safi. Kesho asubuhi, mimi na wewe, msumeno mmoja." Alipiga kidole juu ya mstari wa penseli. "Kulabu ziwe upande wangu."

"Kaka, fikiri vizuri," shangazi alimwambia. "Zitakurarua nguo ukikaa peke yako."

Mzee Mninga alivuta kiti kilichokuwa kando yake, kile ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia miaka mingi, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akamwashiria kijana akae karibu.

"Basi msiniache nikae peke yangu," alisema.